Presha ya Bingwa

Nyuma ya hospitali kubwa, karibu na mlango wa dobi, kuna benchi letu sisi wasafishaji. Sote tumetoka nchi za mbali, na hospitali hiyo inang'aa kwa mikono yetu, asikudanganye mtu. Asubuhi hiyo Bingwa, msukuma mashine ya sakafu, miaka kumi na tano kazini bila kuugua hata siku moja, alikuwa na barua ya hospitali mkononi: saa nne akapimwe presha, maana wageni tunaugua presha mara mbili ya wenyeji. Juzi tu alishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi. Lakini aliapa haendi.

— Mara mbili! alifoka Bingwa. Wametuhesabu lini?

— Presha ni ya watu wa kukaa kitako, alisema Shangazi Pasi, anayenyoosha mashuka mia tatu kwa siku. Mimi hata kiti sikijui.

— Ni baridi, alidakia Profesa, mbeba taka. Baridi ya huku inagandisha damu, moyo unasukuma kama gari lililokwama topeni.

— Acha zako, Profesa! alicheka Shangazi.

— Nisikilizeni mimi, alisema Bingwa. Tatizo ni vile vipimo. Vimezoea damu ya watu waliolala wakashiba usingizi. Vikikutana na damu iliyovuka mipaka mitatu kwa miguu, vinashtuka, vinapandisha namba. Ile si presha, jamani, ni nguvu!

Tulipiga makofi. Haki ya Mungu, hata mimi nilijiona nimerefuka.

Ndipo akaja binti mgeni, siku yake ya kwanza kwenye dobi, koti la kazi limempwaya. Tukamsogezea nafasi, tukammiminia kahawa.

— Shikamooni. Nimeambiwa koti hili lilikuwa la mwenzenu aliyefariki. Kwani aliumwa nini?

Shangazi alinitazama. Mimi nikamtazama Profesa.

— Hakuwa mtu wa kuumwa, mwanangu, Shangazi alisema mwishowe.

— Aliwahi kupimwa?

Sote tukamgeukia Bingwa. Marehemu na Bingwa walikuja nchi hii pamoja, wakalala chumba kimoja miaka sita.

Bingwa akasimama, akachomekea shati, akashika njia ya mbele.

— Mlango wetu uko huku, nikamwambia.

— Najua. Leo napita wa mbele. Sakafu ile nimeing'arisha mimi, na nitaikanyaga kama mgonjwa yeyote.

Tulimsindikiza sote, na sare zetu, mpaka dirisha la mapokezi.