Brenda Pochin na Wafalme Kumi na Wanane

Ndugu na majirani mliofika, kwa niaba ya familia za Toone na Pochin, mimi Clive, mdogo wake marehemu, ndimi niliyepewa kazi ya kuwasomea safari ya maisha ya dada yangu, naomba mnivumilie.

Brenda Toone alizaliwa tarehe 3 Mei 1944, mtaa wa Belgrave, mjini Leicester, mtoto wa kwanza wa Wilfred, fundi wa mashine za kufuma soksi, na Elsie, mpishi wa shule. Alisoma shule ya msingi papo hapo mtaani, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1960, na huko walikaririshwa wafalme wa kale pamoja na tarehe zao, wenzake wakazisahau mtihani ulipokwisha, yeye zikamganda kichwani, akaanza kumsumbua baba ampeleke kuona walikolala. Baba alimpeleka palipofikika kwa miguu, Daraja la Bow, juu ya mto Soar, penye kibao kinachosema kwamba mifupa ya Richard wa Tatu, aliyeuawa vitani Bosworth mwaka 1485, iko karibu na hapo, na tangu siku hiyo kila tarehe 22 Agosti Brenda alidondosha waridi jeupe, nembo ya ukoo wa mfalme huyo, mtoni, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwaka 1961 aliajiriwa na halmashauri ya mji kama mpiga chapa, akapanda hadi msimamizi, akastaafu mwaka 2004, na kwa miaka mingi gari lake aliliegesha kwenye kiwanja cha ofisi za ustawi wa jamii. Tarehe 17 Septemba 1966 alifunga ndoa na Norman Pochin, dereva wa basi la mji, mtu wa maneno machache, aliyekubali bila kunung'unika kwamba fungate yao iwe Worcester, penye kaburi la Mfalme John, wakajaliwa watoto wawili, Judith mwaka 1969 na Martin mwaka 1972.

Wafalme wake walikuwa kumi na wanane, kuanzia William Mshindi hadi Richard huyo, na kila mmoja alimwendea kaburini siku ile ile aliyofariki, akamsomea kwa sauti jambo moja jema alilolitenda na moja baya, kwa sababu, alisema, mtu akisifiwa tu, basi anayezikwa ni mwingine. Aliagiza naye asomewe hivyo hivyo, nasi tunatii: tarehe 25 Oktoba 1997, siku ya harusi ya Martin, ambayo pia ni siku aliyokufa Mfalme Stephen, marehemu alipitia kwanza Faversham, lilipo kaburi la mfalme huyo, akafika kanisani pete zimeshavishwa, viatu vimejaa tope. Martin alimsamehe, mkewe bado anatafakari.

Tarehe 4 Februari 2013 ilitangazwa kwamba mifupa ya Mfalme Richard imepatikana, si mtoni, bali chini ya kile kiwanja cha magari cha ustawi wa jamii. Brenda alizima redio, kwa siku mbili asiiwashe tena, maana maua yake yote aliyapeleka mtoni, na mfalme mwenyewe ndiye aliyekuwa akiegeshewa gari kichwani. Siku ya tatu, Norman akinywa chai, alisema, "Norman, tunaanza upya."

"Tunaanza wapi?"

"Kwa William."

"William kafia Ufaransa, mama."

"Basi tafuta pasipoti yako ilipo. Vibao vimenidanganya vya kutosha. Kaburi linahamishwa, ila pale roho ilipomtoka mtu hakuna wa kupahamisha, na hatua za mwisho nitakwenda kwa miguu yangu."

Walianza upya, naye akiwa na miaka sitini na minane. Mwaka 2016 madaktari waligundua kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, mikono ikaanza kutetemeka na sauti kufifia, mwaka 2019 Norman akatangulia mbele ya haki, lakini hadi mwisho wa mwaka 2022 alikuwa amebakiza mmoja tu, Edward wa Kwanza, aliyefia kwenye mbuga ya pwani karibu na kijiji cha Burgh by Sands, tarehe 7 Julai 1307, akienda kupigana na Waskoti. Daktari alikataa, watoto wakakataa, Judith akamwambia waziwazi, "Mama, ukianguka kwenye matope yale nani atakunyanyua?"

"Edward mwenyewe alikata roho watumishi wake wakimnyanyua ale. Iweje mimi nikose wa kuninyanyua?"

Judith alificha funguo za gari. Hakujua kwamba jirani, Bi Hansa Lakhani, aliyefika Belgrave kutoka Kampala mwaka 1972, amefukuzwa pamoja na Wahindi wenzake, alikuwa na gari lake, na kwamba asubuhi ya tarehe 7 Julai 2023 wazee hao wawili waliaga kwamba wanakwenda kununua mboga. Walikwenda hadi mpaka wa Uskoti, mmoja akila sandwichi za jibini, mwingine chapati zake za uwatu, na Bi Hansa akisema njia nzima, "Mtawala mmoja alinitoa mbio kwetu, leo nampelekea mwingine salamu. Afadhali huyu ameshakufa, dada."

Kiti cha magurudumu alichotumia Brenda tangu augue kilizama mbugani, akakiacha hapo katikati ya ng'ombe, akaushika mkono wa Bi Hansa, wakaenda wakipumzika, wakaenda tena, hadi kwenye mnara wa kumbukumbu uliojengwa pale alipofia Edward. Akasoma jema, kwamba Edward aliita bunge lenye wawakilishi wa raia wa kawaida, kisha sauti ikakatika, akampa Bi Hansa karatasi amsomee lile baya. Bi Hansa akasoma kwamba mwaka 1290 mfalme huyu aliwafukuza Wayahudi wote nchini, akawapa miezi michache waondoke. Akaikunja karatasi. Akasema, "Huyu namjua."

Brenda alilia, naye hakuwa mtu wa kulia, akamwambia, "Miaka hamsini na moja tunapakana ua, sijakuuliza mlitokaje." Wakakaa kwenye majani, Bi Hansa akamsimulia mpaka maji ya bahari yakaanza kurudi.

Januari mwaka huu nimonia ilimlaza, akafariki hospitalini tarehe 19 Januari 2024, watoto wake wawili wakiwa wamemshika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa zamani, majirani wa Belgrave waliotuletea chakula, mkulima aliyekirudisha kile kiti, na zaidi Bi Hansa, aliyeketi leo na familia kwa sababu hapo ndipo mahali pake.

Dada, wengi huanza, wewe ulimaliza. Umefika, sasa pumzika kwa amani.