Adventina Nibizi, Aliyemfunika Abubakari kwa Mwili Wake

Marehemu Adventina Nibizi, tunayemlaza leo katika udongo wa Makebuko, alizaliwa tarehe 14 Mei 1996 katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kasulu, Tanzania. Mama yake, Dorotea, alivuka mpaka kutoka hapa Burundi akiwa na mimba yake, baada ya kushuhudia babu wa marehemu akikatwa mapanga mlangoni pake.

Alianza masomo kambini. Kambi ilipofungwa mwaka 2012 familia ilirudi Makebuko, naye, msichana mkubwa, akaketishwa na watoto wadogo kwa kuwa hakujua Kifaransa. Kaka yake Adriano anakumbuka kuwa mvulana mmoja aliyemcheka kwa kumwita "Mtanzania" alirudi kwao pua ikivuja damu kwa ngumi ya Adventina. Kesho yake alimpelekea ndizi mbivu, akamwomba amfundishe Kifaransa. Mwaka 2020 alihitimu masomo ya kompyuta mjini Gitega.

Aliajiriwa katika chumba kidogo cha habari hapo Gitega. Waandishi waliandika kwa XML, yaani kila kipande cha habari kinafungiwa ndani ya alama zake, na programu ya Adventina iligeuza maandishi hayo kuwa ujumbe wa simu. Tarehe 10 Julai 2021 alifunga ndoa na Kastori, seremala wa Muyinga. Wakakaa Yoba, mtaa wa Gitega, wakajaliwa binti, Vumilia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, walikuwa Muyinga kwa mama mkwe wake. Walikuwa sokoni simu za watu zilipolia kwa ujumbe wa chumba kile cha habari: msako wa mauaji ya mwanamke mmoja, ABUBAKARI. Kumbe waliosakwa walikuwa wawili, Abu na Bakari. Mwandishi alifunga kila jina ndani ya alama zake, akaacha nafasi tupu katikati. Programu ilikuwa imepangwa kufagia kila nafasi tupu iliyo kati ya alama, kana kwamba ni mabaki tu ya kupanga mistari, na majina yakagandana.

Adventina alisoma, akaelewa papo hapo. Wakati huo umati ulikuwa umeshamburuta Abubakari mmoja, fundi baiskeli wa pale sokoni, kutoka kibandani mwake. Walimpiga kwa minyororo ya baiskeli alizokuwa akizitengeneza, na mtu mmoja alikuwa anakuja na tairi na petroli. Adventina akamwambia Kastori apige simu Gitega ujumbe urekebishwe, kisha akapenya, akamlalia Abubakari.

"Si huyu," aliwaambia. "Wanaotafutwa ni wawili. Kosa ni la programu yangu."

Waliamuru atoke, akakataa. Jiwe likampasua kichwa, nondo ikamvunja mkono. Damu yake ilikuwa ikitiririka usoni mwa Abubakari pale ujumbe wa masahihisho ulipoingia. Watu wakasoma, mmoja mmoja wakadondosha mawe.

Alifanyiwa upasuaji Gitega, akapoteza jicho moja. Neno lake la kwanza alipozinduka lilikuwa kwamba programu ibadilishwe, nafasi kati ya majina isiguswe tena. Abubakari alimtembelea, taya likiwa limefungwa bendeji.

"Dada, mi hata ulikuwa hunijui. Juu ya nini hukutoka?"

"Ningetoka, wangekuua kwa mkono wangu."

Miezi sita baadaye damu ilivuja tena ndani ya kichwa, na asubuhi ya Ijumaa, tarehe 19 Septemba 2025, akafariki.

Ameacha mume, Kastori; binti, Vumilia; mama, Dorotea; na kaka, Adriano. Ameacha pia Abubakari, aliyefika jana kutoka Muyinga na ndugu zake Waislamu, akalichimba kaburi hili asikubali kumwachia mtu jembe.

Mungu ampokee Adventina, ampumzishe mahali pasipo na mkono wa kumpiga.