Hodhi la Mama Agape

Kijiwe cha Awadhi muuza kahawa kiko nyuma ya ua wangu, kwa hiyo nikifua nasikia kila kitu. Tulihamia Nachingwea mwaka 1999, mimi na watoto, kutoka Ruangwa. Nyumba ni kuukuu, ya wazungu wa mashamba ya karanga, na uani kuna hodhi la saruji lililochimbiwa ardhini, lenye ngazi, mahali pa kukaa na jiko la kuni la kupashia maji. Tulilikuta limejaa majani na vyura. Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi. Msimu wa korosho nasimama kutwa. Na maisha yangu yote nimeoga kwa ndoo na kopo. Nilitaka mara moja tu maji ya moto yanifike shingoni, nikae, nisiitwe.

Kijiweni walianza kubishana hodhi lilikuwa la nini. Mwalimu Teofili, mstaafu tunayemwita Ramani, alisema mzungu alikuwa akiroweka karanga. Uwesu, jina la kijiweni Redio, akasema alifuga mamba wa kulinda nyumba.

— Na ngazi za nini? akauliza Ramani.

— Mamba alikuwa mzee.

Nilizoa uchafu mwenyewe, nikasugua. Kukabaki ufa. Nikamwita Mikidadi, fundi mwashi, naye ni wa kijiwe hicho hicho. Wanamwita Kesho.

— Mama Agape, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Basi ziba.

— Nasubiri ukuta. Ufa ni kazi ndogo.

Mwishowe aliziba. Masika yakajaza hodhi, maana bomba la mtaani kwetu hutoa maji likipenda. Nikapanga kuni. Kabla sijawasha, maji yakaota viluwiluwi vya mbu, na kijiwe kikakaa kikao bila mimi. Kesho akaleta perege wachanga kutoka bwawa la shemeji yake ili wale viluwiluwi, akawamwaga humo nikiwa kazini.

Mbu waliisha kweli. Perege wakazaana. Kila nikitaka kuwatoa nipashe maji, Kesho aliniomba nisubiri, bado wadogo. Walipokua, akasema wana mayai. Majirani wakaanza kuja na bakuli, na huku kwetu mtu akikuomba kitoweo huwezi kumjibu kwamba unataka kuoga.

Jana jioni Redio alishauri jiko liwashwe kidogo, samaki wanenepe. Ramani akaenda mbali zaidi.

— Tukiwazoesha moto polepole, tutawavua wameshaiva.

— Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akasema Kesho. Kwa hiyo tuchimbe hodhi la pili, la samaki wakubwa.

Hapo akafika bibi mmoja mgeni, Mwanabibi wa Nambambo, aliyekuja kumtembelea mjukuu wake. Kwenye upenyo wa ua niliona ana bakuli mkononi. Wakampa shikamoo na nafasi kwenye benchi, wakamsimulia habari yote, tangu mamba mpaka mayai, wakikatizana. Alisikiliza mpaka wakanyamaza.

— Na mama mwenyewe ameshaoga humo?

Nikasikia Awadhi akikusanya vikombe.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua, nimekaa kwenye ngazi ya juu ya hodhi, gauni nimelikunja magotini. Perege walikuwa wakinidonoa visigino. Maji yalikuwa ya baridi, na yalinifika vifundoni.