Mwenye Uzi Apitwe: Maisha ya Ja Teu

Marehemu Ja Teu alizaliwa tarehe 12 Machi 1968 katika kijiji cha milimani cha Huai Ka Phaeng, wilaya ya Mae Suai, akiwa mtoto wa pili wa mzee Ja Shu na mama Na Shi. Alisoma bondeni hadi darasa la nne, kisha akarudi kulima mahindi na tangawizi.

Mwaka 1990 alimwoa Na Pheh. Kama ilivyo desturi, alihamia ukweni na kulima shamba la baba mkwe kwa miaka mitatu. Walijaliwa watoto wawili. Alikunywa pombe ya mahindi kwa miaka ishirini na minne. Mkewe ndiye anayejua miaka hiyo ilikuwaje, na ameomba isisimuliwe hapa.

Tarehe 3 Mei 2014 aliacha. Na Pheh alimfunga mkononi uzi mweusi wa pamba, kama tunavyomfunga mgonjwa ili roho yake isitangetange. Wazee wakakubaliana: mwenye uzi apitwe pombe inapomiminwa, na kupitwa kusihesabiwe dharau. Kaka yake mkubwa, Ja Khui, alisimama shahidi.

Tangu hapo marehemu aliwafunga nyuzi watu kumi na tisa. Mmoja wao, Ja Lai, alipokuja kuomba afunguliwe siku moja tu, ya harusi ya binti yake, alijibiwa: "Mjomba, kukufunga nilibembeleza miezi saba. Kacheze harusi na uzi wako. Ukianguka, watu watajua ni uzee." Ja Lai alicheza, na hakuanguka.

Mwaka Mpya wetu, Februari 2022, mchana, Ja Khui alikuwa na wageni. Alimshika mdogo wake mkono.

"Umefungwa kama nguruwe? Wageni wangu watasema nina ndugu mgonjwa."

"Kaka, usiguse. Wewe ndiye shahidi wangu."

"Uzi tu huu, bwana!"

Akaukata kwa kisu cha nyama ya nguruwe, akampa kikombe cha pombe kwa mikono miwili. Kikombe cha kaka mkubwa kikitolewa hivyo hakikataliwi. Tulikuwa zaidi ya thelathini uani. Tulicheka.

Hakuacha tena. Mkewe alipotaka kumfunga upya, alisema, "Watakata, na watacheka tena." Oktoba ini lilivimba. Alilazwa mara nne, akafariki nyumbani tarehe 9 Aprili 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka 55.

Ameacha mjane, Na Pheh, binti, Na Ui, mwana, Ja Peu, wajukuu watatu, na kaka yake, Ja Khui. Ameacha pia watu kumi na mmoja ambao bado wana nyuzi mikononi. Wanane walizivua baada ya siku ile.

Tumesikia kwamba Ja Khui ameandaa pombe ya kummiminia mdogo wake kaburini. Na Pheh aliuokota uzi ule siku ulipokatwa, akauosha damu ya nguruwe, akautunza. Sasa ameuunga kwa fundo na kuufunga tena mkononi mwa mumewe, kabla ya jeneza kufungwa.

Ja Khui, ulikuwa shahidi. Mwenye uzi apitwe.

Alale salama, asiguswe tena.