Mzee Kefa Hakubali Bila Saini

Leo, tarehe 30 Juni 2025, saa kumi jioni, Mzee Kefa Chibago anazima kompyuta yake katika ofisi ya Mlonga Usanifu hapa Dodoma na kustaafu rasmi, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Katika miaka hiyo amewahudumia wateja wa kila aina, na hajamwamini hata mmoja.

Sisemi hivyo kumsengenya. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia hivyo hivyo, tena kwa fahari. Alipoajiriwa mwaka 1996 alikuwa mpanga herufi, na ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha kuchapa kadi za harusi na mabango ya semina. Mtandao ulipofika mjini, alijifunza kutengeneza tovuti peke yake, kwa kitabu cha kuazima alichokivalisha jalada la gazeti. Mwaka 2005 akakabidhi tovuti yake ya kwanza. Leo zimefika mia mbili na kumi na nne. Vijana tisa waliopita mikononi mwake sasa wanajitegemea, na mmoja wao anafundisha chuoni Chimwaga.

Shuku zake zina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 2009 chama kimoja cha wakulima wa zabibu kiliagiza tovuti. Mwenyekiti alisimama nyuma ya kiti cha Mzee Kefa siku mbili nzima, akimwelekeza picha yake ikae wapi na iwe kubwa kiasi gani, mpaka ikajaza ukurasa wote wa mbele. Wanachama walipoiona walichachamaa. Mwenyekiti akamgeukia Mzee Kefa mbele yao wote, mkavu wa macho, akauliza, "Nani alikwambia uweke picha yangu?" Kazi ikarudiwa upya. Wiki iliyofuata ukaanza utaratibu tunaoufuata mpaka leo: kila ukurasa wa tovuti unachapwa kwenye karatasi, na mteja anausaini kwa kalamu, pamoja na tarehe na saa.

Wateja walichukia sana. Mwenye shule mmoja aliisukuma karatasi pembeni akauliza, "Mzee, kwani unanishuku?" Mzee Kefa akamjibu, "Ndiyo, mwalimu, ila kwa heshima zote." Mwalimu alicheka, kisha akasaini. Karatasi hizo zimejaza makabati mawili, na zimetuokoa mara nyingi mbele ya watu walioapa kwamba rangi ya zambarau hawakuichagua wao.

Ametufundisha pia maneno ya kuogopa. Mteja akisema "kazi yenyewe ndogo tu", Mzee Kefa huvua miwani na kuifuta taratibu. Akisema "fanya unavyoona wewe", basi tujiandae, atarudi na ukoo mzima. Akisema "sawa" mara moja, bado kuna tatizo. Akisema "sawa sawa", ameshaanza kumtafuta msanifu mwingine. Na mteja akimtaja binamu yake anayejua kompyuta, Mzee Kefa hufunga droo. Yupo mmoja aliyetaka kihesabu wageni kwenye tovuti yake mpya kianzie elfu tano. Mzee Kefa alimuuliza hao elfu tano walipita lini, na kama anaweza kumtajia walau watatu kwa majina.

Mimi, Sikudhani Hasani, mratibu wa wateja, nimekaa meza inayotazamana na yake kwa miaka kumi na minne. Nilitoka Kondoa nikiwa naamini watu. Yeye ndiye aliyeniharibu.

Aliniharibu vizuri kiasi kwamba mwaka 2018 nilimshuku yeye mwenyewe. Mchoro wa tovuti tuliyokuwa tunaiandaa kwa nyumba moja ya wageni ulionekana kwenye tovuti ya watu wengine kabla hatujaikabidhi. Mteja huyo akatuacha, na wa pili akafuata. Mkurugenzi wetu, Bi. Anyesi, aliniita akaniambia nikae macho. Nikakaa macho. Nikaona kwamba kila Alhamisi saa sita mchana Mzee Kefa anachapa kurasa za kazi ambayo haijaisha, anazitia kwenye bahasha ya kaki, anaondoka bila kuaga, na harudi mpaka saa tisa. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akajibu, "Mahali."

Wakati huo alikuwa na mteja mgumu kuliko wote, Dkt. Abubakari, mwenye kliniki ya macho. Daktari aliona tovuti fulani ya ng'ambo yenye maandishi membamba ya kijivu kwenye ukurasa mweupe, akaipenda, akataka ya kwake iwe hivyo hivyo. Mzee Kefa alimweleza kwamba wagonjwa wake hawatayaona maandishi hayo. Daktari akamjibu kwamba mtaalamu wa macho ni yeye. Wakawa wanabishana kwa simu kila asubuhi, kwa adabu nyingi na hasira nyingi zaidi. Na kurasa zilizokuwa zinaingia kwenye bahasha ni za kliniki hiyo hiyo. Nikapata jibu langu: Mzee amechoshwa na mteja, sasa anatoa kazi nje.

Alhamisi moja asubuhi nilimkabidhi Bi. Anyesi barua ya kurasa mbili. Niliandika kwamba Kefa Chibago anapeleka kazi za ofisi kwa watu wa nje, na nikapendekeza aachishwe kazi. Nilisaini kila ukurasa, pamoja na tarehe na saa, kama alivyonifundisha.

Saa sita alipotoka, nilipanda bajaji nikamfuata ili nikakamilishe ushahidi. Alikwenda mpaka Zuzu, pembezoni mwa mji, barazani kwa dada yake, Loisi. Pale walikuwa wamekaa wazee kama saba, wengine na fimbo zao, mmoja amefungwa kitambaa jichoni. Mzee Kefa aliwaamkia mmoja mmoja, akafungua bahasha, akawapa zile kurasa na kuwaomba waoneshe kwa kidole siku ambayo kliniki iko wazi. Bibi mmoja alipitisha kidole juu ya neno Jumatano mara tatu. Kisha akamrudishia karatasi, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hii hujaiandika bado." Mzee Kefa hakucheka. Aliyaandika maneno ya bibi chini ya ukurasa, akampa wino aweke dole gumba.

Mimi nilikuwa nimejibanza pembeni mwa duka, nikitamani ardhi inimeze. Akaniona. Nikamwambia nimekuja kununua karanga. "Karanga za mjini zimeisha?" aliniuliza, na tangu siku hiyo hajauliza tena.

Nilirudi ofisini mbio. Bi. Anyesi alikuwa ameshaisoma barua. Nilimweleza nilichokiona, akanirudishia, na jinsi alivyonitazama sijaisahau. Baadaye ilijulikana kwamba ule mchoro uliovuja aliutoa mteja mwenyewe: alimpa binamu yake anayejua kompyuta. Ama Dkt. Abubakari, alipoletewa karatasi zenye madole gumba alifura, akasema wazee hao wamefundishwa la kusema. Alhamisi iliyofuata akaenda Zuzu mwenyewe kuwaumbua. Alikaa mkekani nusu saa, akiwatazama wakitafuta neno Jumatano. Siku hiyo hiyo akasaini maandishi meusi, makubwa. Mpaka leo ni mteja wetu, na mpaka leo anabisha.

Mzee Kefa aliposikia kwamba mimi ndiye ninayeandika wasifu huu, alidai auone kabla haujachapwa. Nimehudumia wateja wagumu, lakini huyu amewapita wote. Aliurudisha mara nne. Alitaka picha yake ipunguzwe. Alifuta neno "shujaa" akauliza nani amenituma. Tarehe ya kuajiriwa alikwenda kuihakiki kwenye barua yake ya ajira, kana kwamba hakuwepo siku hiyo. Ijumaa, hatimaye, alisaini aya zote pembeni, tarehe na saa.

Lakini kuanzia pale nilipotaja mwaka 2018, hakuona kitu. Aya hizo niliziongeza Jumamosi, karatasi zikiwa tayari zinakwenda kuchapwa, na anazisikia leo nikizisoma hapa tunapomuaga, pamoja nanyi. Kwa miaka saba nimekaa mbele yake, nikinywa chai anayonimiminia yeye, nami sikuwahi kumwambia kwamba nilikaribia kumpotezea kazi na jina lake zuri. Niliona aibu. Hata sasa naiona.

Mzee Kefa, shikamoo. Nilikukosea, naomba unisamehe. Ulituzoesha kumshuku mteja anayesema "sawa", nasi tulidhani ni roho mbaya. Kumbe ulikuwa unamtafuta yule bibi wa Zuzu, mtu ambaye hakuna aliyemuuliza kama anaona. Kwa hilo, na kwa miaka ishirini na tisa, tunakushukuru kwa moyo wote.

Sisi sote wa Mlonga Usanifu tunakuombea maisha mema huko kwako Mvumi, afya njema, mvua za kutosha shambani, na jirani asiyehitaji tovuti. Hayo utuamini bila karatasi. Aya zangu za Jumamosi, hapana. Hizo zifuate utaratibu. Kalamu iko mezani mbele yako. Usipozikubali, zirudishe, nami nitaziandika upya mpaka utakapozikubali.

Saini ya mteja: ……………………  Tarehe: ……………  Saa: …………