Jerandi ya Mochwari

Kinyozi alijuta kukaa katikati ya abiria wawili waliobishana kwenye basi.

"Mwanangu kaomba kazi ya kuosha maiti," mama wa kulia alifoka, "wakamuuliza jerandi ni nini! Kashindwa kujibu, wakamnyima!"

"Ni kitenzi cha Kiingereza kinachotumika kama nomino," alisema mwalimu wa dirishani, kwa sauti ya darasani ambayo hakuna aliyeiomba. "Lazima kuwe na viwango, mama."

"Viwango! Maiti gani atamsahihisha? Mpaka leo mochwari ya hospitali haina mtu wa kuosha, wao wanasaka jerandi!"

Kinyozi alijifuta mate shavuni, asijue ni ya upande gani.

Basi likasimama hospitali. Mwalimu akainuka, amekumbatia suti iliyokunjwa.

"Sasa, mama," aliuliza taratibu, "baba yangu ataoshwa na nani?"