Dada Yetu Mwalimu na Kosa Lisilokuwa Lake

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu tu, alizaliwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika chumba cha mbele cha nyumba ile ile tuliyotoka naye leo asubuhi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, fundi viatu, na mama yetu, dobi. Mimi ninayemsimulia ni mdogo wake wa pekee. Nilimfuata baada ya miaka mitatu. Sikusoma. Maneno haya ni yangu, ila mkono ulioyaandika na sauti inayowasomea ni ya binti yake, ambaye kwangu ni mwanangu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1975. Alisoma kila chenye maandishi, mpaka magazeti ambayo baba aliyashindilia ndani ya viatu ili visipoteze umbo. Siku moja mteja alikuja kuchukua viatu vyake vya arusi akavikuta vimebonyea, kwa kuwa Mwalimu alikuwa ameyachomoa magazeti na kujifungia nayo chooni. Baba alishika mkanda amchape, akaanza kucheka, na mkanda ukarudi kiunoni.

Mwaka 1978, mwaka ambao mimi nilitakiwa kuanza shule, mama aliungua mkono wa kulia kwa pasi ya mkaa. Baba akaamua mmoja asome, mwingine ashike pasi. Mwalimu alijaribu kunifundisha kwa chaki juu ya meza ya kupigia pasi. Tulifika herufi ya K, mama akasema chaki inachafua mashuka ya watu.

Mwaka 1982 alikwenda sekondari ya bweni. Mwaka huo huo chumba chetu cha nyuma kilipangwa na mama mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, aliyetoka Afrika Magharibi. Tulimwita Shangazi. Mchana biashara ikilala alileta kigoda chake karibu na meza yangu, akanisimulia habari za falme za dhahabu, za wasimulizi wanaobeba kichwani majina ya ukoo mzima, na za nguo zinazofumwa vipande vya upana wa kiganja, kisha vikashonwa vikawa nguo moja. Alikaa miaka mitatu. Kila likizo Mwalimu alikuja, akakaa juu ya furushi la nguo chafu na kuniambia, “Haya, Shangazi kasema nini muhula huu?” Nami nilimmiminia zote.

Alimaliza chuo cha ualimu mwaka 1990, akafundisha lugha kwa miaka thelathini na mbili katika shule moja, darasa la dirisha lililovunjika ambalo alilifunika kwa ramani ya dunia. Tarehe 5 Juni 1993 aliolewa na shemeji yangu, fundi saa, mtu asiyewahi kufika mahali kwa wakati. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1996.

Mwaka 2009 kilitoka kitabu chake cha kwanza, riwaya ya vijana iitwayo *Binti Mfuma Sauti*. Ni hadithi ya msichana katika ufalme kama ule wa Shangazi, anayefuma sauti za wafu ndani ya vitambaa na kutumwa kuzipeleka kwenye mji wa dhahabu. Vijana walikigombea. Siku ya kukizindua pale maktaba, mkutubi alimuuliza ameyatoa wapi yote hayo. Akajibu, “Kwa mpangaji wetu wa zamani, na kwa utafiti wangu.” Mimi nilikuwa safu ya tatu, nimevaa gauni nililolipiga pasi mara mbili.

Njiani nilimwambia, “Dada, na mimi je?”

“Wewe je nini?”

“Shangazi alikusimulia wewe lini? Si ulikuwa bweni?”

“Jamani, tusianze. Kila mtu anajua wewe ni mdogo wangu.”

Hilo ndilo alilonikosea. Nimelitaja mbele ya jeneza lake si kwa kumshtaki, bali msije mkadhani lililofuata lilitoka hewani.

Mwaka 2012 alikuwa anaandika kitabu cha pili. Alikuja kwangu na daftari, akakaa kwenye furushi kama zamani.

“Mdogo wangu, mfalme akifa, msimulizi wake anafanywaje? Shangazi aliwahi kusema?”

Shangazi hakuwahi kusema. Nilikuwa napiga pasi kola ya shati. Nikajibu, “Anakatwa ulimi.”

“Wee!”

“Ncha tu. Asije akamsimulia mfalme mwingine.”

Akaandika. Mimi nikageuza kola upande wa pili.

Kitabu kilitoka, na Jumamosi tarehe 16 Novemba 2013 alisoma sura hiyo maktaba, ukumbi umejaa. Alipomaliza alisimama mwalimu mmoja mgeni, mtu wa kule kule alikotoka Shangazi, akasema kwa upole, “Mwalimu, kwetu msimulizi ni mtu wa heshima. Bibi yangu alikuwa msimulizi. Nani alikuambia tunawakata ulimi?”

Dada aliangalia kitabu, kisha akaangalia safu ya tatu. Mimi nilikuwa nakunja pindo la kitambaa changu. Akasema, “Hakuna aliyeniambia. Nimetunga mwenyewe, na nimekosea. Naomba radhi.”

Mchapishaji alivikusanya vitabu. Maboksi kumi na moja yalirudishwa nyumbani kwake, yakawa meza ya televisheni. Gazeti liliandika kwamba amewatukana watu asiowajua. Wanafunzi wakamwita Mama Ulimi. Sokoni watu wazima walimpigia kelele, “Mama Ulimi, kisu umekiacha wapi leo?” Alinunua alichofuata akaondoka. Nilisikia kwa masikio yangu, nikiwa na kapu la nguo kichwani, nikapita kama simjui. Na wiki ile ya kwanza, Mungu anisamehe, nilifurahi. Baadaye furaha iliisha, ila mdomo haukufunguka. Dada yangu hakuandika tena hata ukurasa mmoja.

Mwezi Februari 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akastaafu, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Nilimsindikiza. Mwezi Julai mwaka huu alilazwa wodi ya wanawake, chumba namba sita. Mchana mmoja aliniambia, “Mdogo wangu, ule ulimi ulinitungia, eh?”

“Mimi na vitabu wapi na wapi?”

“Ukidanganya unakunja kitambaa. Hebu angalia mkono wako.”

Nikakiachia. Nikamuuliza, “Basi mbona siku ile hukunitaja?”

“Ningekutajaje? Kwenye ya kweli sikukutaja, nije nikutaje kwenye ya uongo?”

Pale nilitakiwa kusema, ndiyo, dada, nilikutungia, nisamehe. Nikasema, “Kunywa chai, inapoa.” Alikunywa. Alifariki Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na sita. Mimi nilikuwa nyumbani, nampigia pasi gauni la kurudia nyumbani.

Nilipofika hapa katika kusimulia, binti yake aliniuliza, “Mama mdogo, hili niandike au tuliruke?”

“Andika.”

Akaweka kalamu chini. “Kwa hiyo mimi nimeitwa mtoto wa Mama Ulimi na shule nzima kwa ajili yako?”

Nikamwambia ndiyo. Alisukuma kiti nyuma, nikafikiri anatoka. Kisha akaokota kalamu, akasema, “Rudia hapo kwenye kola. Ulikuwa unasema haraka.”

Basi nimerudia, na limeandikwa, asije mtu akasema hakusikia. Yule mwalimu mgeni aliyesimama maktaba siku ile yuko hapa leo, nilimwomba aje. Kwake nasema, dada yangu hakuwatukana watu wenu. Aliwapenda tangu yuko juu ya furushi la nguo. Niliyetunga ni mimi, nikamwachia abebe yeye. Na ninyi mliomwita Mama Ulimi, wengi mmeshakuwa na watoto sasa, jina hilo ni langu. Mkinikuta njiani na kapu langu, niiteni mimi hivyo. Nitaitika.

Ameacha mume, fundi saa, ambaye leo amewahi kuliko sisi sote. Ameacha binti mmoja, mjukuu mmoja, wanafunzi wasiohesabika, maboksi kumi na moja ya vitabu, na mdogo mmoja aliyechelewa.

Apumzike dada yetu, na jina lake lipumzike pamoja naye.